Jina la Bi Sikujua

Ukitaka kuigiza bibi kizee, vijana wangu, usianze na mgongo. Kila anayeanza kazi hii hujikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, watu wakacheka kidogo, wakachoka. Anza na shingo. Bibi wa huku kwetu amebeba ndoo, kuni na matenga ya ndizi kichwani tangu akiwa msichana, na shingo yake inabaki imenyooka mpaka siku anayoingia kaburini. Kinachozeeka ni magoti. Kwa hiyo shingo juu, magoti yalegee, na mguu usiuinue. Uburute polepole, kama unapita chumba alicholala mtoto mchanga.

Hayo alinifundisha Mzee Yoramu Chengula wa Kihesa, hapa Iringa, mwanzilishi na kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo. Alikuwa mtu mrefu, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, mkulima wa mahindi, mpole mpaka unajiuliza kama amekusikia. Lakini akivaa lile gauni la maua na kilemba cha kitenge alikuwa Bi Sikujua, na hapo hata wajukuu zake walimwamkia shikamoo bibi.

Bi Sikujua alikuwemo katika kila mchezo wetu. Mchezo wa ndoa, yumo. Mchezo wa mpaka wa shamba, yumo. Kazi yake ilikuwa moja: ataitwa mbele ya watu wakubwa, mwenyekiti wa kijiji, daktari, mkwe mwenye hasira, aulizwe jambo, naye ajibu, "Sikujua." Basi. Lakini Mzee Chengula alilitamka neno hilo kwa namna ambazo sijawahi kuzimaliza kuzihesabu. Kuna sikujua ya kuomba msamaha, kuna ya kejeli, kuna ya mtu anayejua kila kitu. Watu walikuwa wanaisubiri kama mvua ya kupandia.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, jina langu Lusekelo Mwakatobe. Nilikuja Iringa nikiwa fundi cherehani, nikajiunga na kikundi kwa sababu walihitaji mtu wa kushona mavazi. Nikapewa kuigiza polisi, mara mganga, mara maiti. Maiti ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Siri yake ni kupumua kwa tumbo chini ya blanketi nene, na kuomba Mungu nzi asikutue puani.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa mpaka nikaingia kwenye gauni lile.

Tulikuwa Ubaruku, msimu wa mavuno ya mpunga, watu wana furaha na wamejaa kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa. Mzee Chengula alikuwa atufuate asubuhi hiyo kwa basi. Badala yake tukapigiwa simu na mke wake: mzee ameanguka, ni kiharusi, yuko hospitali, upande mmoja haufanyi kazi na mdomo hautoi neno. Tulikaa chini pale nyuma ya magunia ya pumba. Wengine walilia. Huku nje watu wanapiga makofi ya kutuharakisha, na mwenye mashine ameshazima injini kwa heshima yetu.

Aliyesimama alikuwa Rehema Salumu. Rehema ni binti wa mfanyabiashara wa nguo pale Mbeya mjini, watu wenye asili ya pwani, na ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu na mwigizaji wa nafasi za wasichana na mama wadogo. Akachukua gauni kwenye begi, akanitupia.

"Kaka Lusekelo, vaa."

"Mimi?"

"Gauni umelishona wewe. Linakutosha. Neno ni moja tu."

"Dada, hilo moja ndilo sijui linavyosemwa."

"Basi liseme hivyohivyo."

Akatoka, akatangaza, "Bi Sikujua huyo anakuja!" Hakusema kwamba ni mwingine. Nikaingia magoti yamelegea, na wala haikuwa kuigiza, yalikuwa yanatetemeka yenyewe. Nilikuwa nimesahau kuvua saa ya mkononi. Mama mmoja mbele akaiona, akapaza sauti, "Bibi, saa ngapi sasa hivi?" Nikaitazama saa, nikamtazama yeye, akili imeganda kabisa. Nikasema, "Sikujua."

Uwanja mzima ulilipuka.

Kwa hiyo nikawa Bi Sikujua. Miaka ikapita. Mzee alikuwa nyumbani anajifunza upya kushika kijiko, na mimi nilizunguka na jina lake kutoka Makambako mpaka Tunduma. Sokoni Mbeya wauza nyanya waliniita Bi Sikujua. Mchungaji alipotangaza kwamba mwanangu Tusa anachumbiwa alijisahau akasema "binti wa Bi Sikujua." Mke wangu alinuna siku nzima, kwa sababu, alisema, sasa yeye ni nani katika habari hiyo?

Halafu siku moja Mzee Chengula akarudi. Alikuja mazoezini pale ukumbini Kihesa akitembea kwa mkongojo, mdomo umevutika kidogo kulia. Tulimwamkia kwa furaha, "Kamwene, Mzee, kamwene!" Akaitikia taratibu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye msumari lilipotundikwa gauni, akalitoa, akaanza kulivaa. Hakumuuliza mtu. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, kilemba tayari kichwani mwangu.

Sikujua nikivue au nikiache. Kweli, sikukivua. Tukaanza mazoezi kukiwa na gauni huku na kilemba kule.

Kuanzia hapo vurugu ikaingia. Siku mzee akijisikia vizuri, yeye ndiye anapanda. Siku akizidiwa, mimi. Rehema kila mara ananong'ona nyuma ya pazia, "Leo ni nani?" Neno la mzee lilikuwa linatoka polepole sana, kama maji ya bomba la mgao, na watu walikuwa wanamwonea huruma badala ya kucheka. Mafinga walilalamika kwamba tumewaletea Bi Sikujua wa bandia. Siku hiyo alikuwa yeye, mwenye jina. Tulipokwenda Njombe walilalamika vilevile, na siku hiyo nilikuwa mimi. Wa bandia alikuwa yule ambaye hawakumwona mara ya kwanza.

Hakuna aliyethubutu kuongea naye. Mngemwambia nini? Jina ni lake. Lakini mimi nami nimelilea. Nilikuwa nikilala nalo, nikiamka nalo.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Mjapani.

Pale Ubaruku alikuwepo mtaalamu wa mpunga, mwanamke wa Kijapani, jina lake Aya. Alikuwa ameishi na wakulima kiasi kwamba Kiswahili chake kilikuwa na Kisangu cha wenyeji wa kule ndani, na alikuwa hakosi michezo yetu. Siku hiyo alikuja Kihesa na baba yake, aliyekuwa amekuja kumtembelea. Mzee mdogo wa mwili, nywele nyeupe, anatembea kama hagusi ardhi. Alikaa kwenye benchi la nyuma, mikono magotini, akatazama mazoezi yetu mpaka mwisho bila kujisogeza.

Tulipomaliza, Aya akatuambia, "Baba naye ni mwigizaji. Anafanya kabuki, maigizo ya zamani ya kwetu. Wanaigiza, wanacheza, kuna ngoma na kuimba. Wote ni wanaume. Baba anaigiza wanawake tangu akiwa mtoto."

Mzee Chengula akainua uso. Nadhani hakuwa ameinua uso namna ile tangu augue.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Aya akacheka kidogo. "Hapo pana kazi, Mzee."

Tulikaa kwenye zile benchi, tukaletewa chai na mihogo, naye akatueleza akitafsiriwa na binti. Alipozaliwa alipewa jina la nyumbani. Alipopanda jukwaani mara ya kwanza, mtoto mdogo, alipewa jina la jukwaani. Alipokuwa kijana akapewa lingine, kubwa zaidi. Kisha akapewa la baba yake mdogo, Tokinojo, na yeye alikuwa wa nne kulibeba. Majina hayo hayafi na mtu, alisema. Yanasubiri.

Mimi nikauliza, "Sasa hapo wewe ni nani?"

Aya akatafsiri. Yule mzee akakizungusha kikombe chake cha chai viganjani, mpaka nikadhani nimemkosea adabu.

"Anasema inategemea unamuuliza mwaka gani," Aya akajibu.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nililielewa jibu lile halafu papo hapo nikaacha kulielewa.

Tukamweleza shida yetu. Rehema ndiye aliyesema wazi, mbele ya Mzee Chengula, kitu ambacho sisi wanaume tulikuwa tumekimeza muda wote ule. "Baba, jina moja linavaliwa na watu wawili, na mimi mtangazaji sijui namtangaza nani." Mzee Chengula alitazama sakafu. Mzee Tokinojo akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema kwao jambo hilo lina njia yake. Mwenye jina hulitoa akiwa hai, mbele ya watazamaji. Waigizaji wote hupiga magoti kwa mstari jukwaani, wanainamisha vichwa, mkubwa anatangaza, wengine wanasema maneno ya kumsifu na kumtania mrithi. Aliyelitoa anachukua jina lingine, jepesi, la uzeeni. Kisha watazamaji wanajua. "Wao ndio mashahidi," alisema. "Bila wao, ni watu wawili tu wanaogombea nguo."

Mzee Chengula aliuegemea mkongojo wake. Kisha akasema, silabi moja moja, "Tufanye."

Nikiri, moyo wangu uliruka. Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Wiki zilizofuata yule mzee alikuja karibu kila siku. Nilijifunza kwake mambo ambayo bado nayatumia kuwafundisha ninyi. Alinipa karatasi niishike katikati ya magoti nikitembea, isidondoke. Ndivyo walivyomfundisha kutembea kama mwanamke. Karatasi ilidondoka kila hatua. Nami nikamwonyesha mwendo wa mama wa Tukuyu anayeshuka mlima na mkungu wa ndizi kichwani, akaujaribu akaanguka kwenye viti, akaamka anacheka machozi yanamtoka. Alinionyesha namna ya kupaka uso: kwanza nta, kisha poda iliyochanganywa na maji, na shingo isisahaulike, maana shingo ndiyo inayotoboa siri ya mtu. Sisi tulikuwa tunatumia poda ya watoto na masizi ya sufuria. Alikinusa kile kikopo cha masizi, akasema kitu. Aya akasema, "Anasema harufu hii ni ya jikoni kwa bibi yake."

Lakini kulikuwa na jambo kwake ambalo halikuwa sawa. Simu yake iliita mara nyingi, naye aliitazama bila kupokea. Siku moja nikamuuliza Aya.

"Wanataka achukue jina la babu yake," akasema. "Ni jina kubwa kabisa la nyumba yetu. Lipo wazi tangu babu afariki. Yeye aliwaambia anakuja kunisalimia kwanza."

"Atarudi lini?"

"Ndicho wanachopiga simu kuuliza."

"Na hilo jina ni lipi?"

"Baba halitaji ovyo," Aya akasema. "Hata mimi hajanitajia tangu afike."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mimi nilikuwa nalitamani jina la mtu mpaka silali vizuri, na yeye analikimbia lake mpaka Iringa.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Ukumbi wa Kihesa ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Tulitandika mikeka jukwaani, tukapiga magoti kwa mstari kama tulivyofundishwa. Mzee Chengula, kwa sababu ya mguu wake, alikaa kwenye kiti. Mzee Tokinojo alikaa pembeni amevaa vazi lake la heshima, jeusi, lenye alama ya ukoo. Nilikuwa nimenyoa vizuri. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele na shuka jipya la kunitunza.

Mzee Chengula akasimama kwa shida. Ukumbi ukatulia mpaka ukasikia bati likipata moto wa jua.

"Jina," akasema. "Nalitoa. Leo."

Akapumzika. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Bi Sikujua. Ni Rehema."

Nilibaki nimeinama. Nilifikiri ni ule ulimi wake, umeteleza kama ulivyokuwa unateleza siku hizo, anataka kusema jina langu limetoka lingine. Nikangoja arekebishe. Hakurekebisha. Nilipoinua kichwa nilimwona ameshika gauni, amemnyooshea Rehema, na Rehema amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Watazamaji hawakujua wacheke au wapige makofi. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wakanitazama mimi wakingoja nijibu kitu cha kuchekesha. Mke wangu alikuwa amesimama na lile shuka, hajui alipeleke wapi. Mwishowe mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele, na ukumbi ukafuata, kama ng'ombe wanavyofuata mmoja.

Rehema alivaa gauni palepale juu ya nguo zake. Mchezo ukaanza, akaitwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akaulizwa mwanao yuko wapi. Akanyoosha shingo. Hakufanya sauti ya kizee. Akasema lile neno chini kabisa, kama mtu anayejisemea peke yake jikoni.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kwenye dirisha akaanza kujifuta macho. Sikuelewa kilichotokea, na niwaambie kweli, sikutaka kuelewa.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mzee Chengula. Nilimkuta barazani na Mzee Tokinojo na Aya, waliokuja kuaga. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa heshima, lakini maneno yakatoka yenyewe.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mimi ndiye niliyelibeba ulipolala hospitali."

"Ulilibeba vizuri." Alipumua. "Kama mimi. Kabisa kama mimi. Nilikuwa nikikutazama, naona Chengula amevaa gauni."

"Sasa si ndivyo ilivyo?"

Akatikisa kichwa. Ilimchukua muda kulitoa lililofuata, na nitawapa kwa ufupi, kwa sababu yeye alilisema kwa vipande. Bi Sikujua alikuwa mama yake. Mama yake hakwenda shule. Kila alipoitwa mbele ya wakubwa, kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya mwanawe aliyepotea, kaka yake Mzee, alijibu hivyo, kwa sababu kujua kulikuwa na hatari. Yeye akiwa kijana alimwigiza jukwaani kwa upendo, watu wakacheka. Alifurahi walivyocheka. Akaendelea. Baadaye akawa hajui tena namna ya kuacha kuwachekesha. Kisha siku moja mazoezini, mimi nimetoka kununua nyuzi, Rehema alishika nafasi ile kwa muda mfupi tu ili wenzake waendelee. Mzee, akiwa ameketi na mkongojo wake, akamsikia mama yake.

Aya alikuwa anamtafsiria baba yake kwa sauti ya chini. Mzee Tokinojo alikunja uso. Akaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa ukali.

"Baba anasema wewe Mzee umekosea," Aya akatafsiri. "Anasema mwanamke wa jukwaani si mwanamke. Ni kazi. Ni kitu kilichotengenezwa na wanaume kwa maisha mengi. Ukimweka mwanamke mwenyewe, unapata mwanamke, lakini kazi inapotea."

Mzee Chengula akasema, "Yenu, labda."

"Anasema, mlilojenga kwa miaka mingi mmelitupa kwa siku moja."

"Mwambie," Mzee Chengula akasema, "mimi nilikuwa na mtu wa kumpa. Alikuwa hapo siku zote. Anatangaza wengine. Mwulize yeye ana nani."

Aya akafungua mdomo kutafsiri. Kisha akaufunga.

Baba yake alisubiri. Akamuuliza kitu kwa lugha yao. Aya hakujibu. Akauliza tena. Mimi na Mzee Chengula tukatazamana, hatujui tumevunja nini. Mke wa mzee alitoka na sahani ya viazi, akaona nyuso zetu, akarudi nayo ndani.

Hatimaye Aya akaongea, lakini nilihisi hakuwa anatafsiri. Ilikuwa sentensi moja fupi. Yule mzee aligeuza uso. Kisha akajibu, fupi vilevile, akitazama bustani ya mchicha. Aya akainuka akaenda kusimama kwenye geti, ametupa mgongo.

Kitu kilichosemwa pale sikukijua mpaka mwaka uliofuata, tulipokwenda Ubaruku na Aya akatukaribisha wali kwake. Alinieleza bila mimi kuuliza. Akiwa mtoto alikuwa anajifunza ngoma zote alizofundishwa kaka yake, akijificha nyuma ya mlango wa karatasi, kama ilivyo milango ya kwao. Kaka yake hakuzipenda, alikuja kuacha, sasa anauza magari. Yeye alizijua zote. Siku ile barazani alimuuliza baba yake, "Uliwahi kuniona nikicheza?"

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema, 'Nilikuona. Ndiyo maana nilikuwa naufunga mlango.'"

Sikujua niseme pole au ninyamaze. Nikachukua wali mwingine.

Lakini nimewahi mbele, niwarudishe. Siku waliyoondoka Iringa, asubuhi, nilipita ukumbini kuchukua cherehani yangu. Nilikuwa nimeamua kuacha kikundi. Nikasikia vibao viwili vya mbao vinagongwa, taa, taa, taa. Nikachungulia. Mzee Tokinojo alikuwa amekaa sakafuni, anagonga vile vibao. Jukwaani Aya alikuwa anacheza, na buti zake za shambani zimewekwa pembeni. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa matope ya mpunga, lakini alipoinyoosha niliona mtu mwingine kabisa, sijui nani. Alikosea mahali. Baba yake akaacha kugonga, akamwonyesha kwa kidole namna ya kugeuza kiganja, akaanza tena toka mwanzo. Hakukuwa na mtu wa kutazama ila mimi, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Nilirudi nyumbani bila cherehani.

Yule mzee alirejea kwao akalichukua jina la babu yake. Aya alikwenda sherehe, akakaa na watazamaji. Aliniambia akimpigia simu sasa hajui amwite nani, basi anamwita baba tu. Nilimuuliza kama baba yake amefurahi. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Ubaruku, "Amekubali. Kufurahi sijui."

Mzee Chengula alifariki baada ya masika. Tulimzika Kihesa. Rehema alikuja kutoka Mbeya na baba yake, wakakaa na waumini wa Kilutheri mpaka jioni. Nilitaka kumchukia Rehema, nikashindwa, kwa sababu kila nilipomtazama jukwaani nilijikuta nangoja neno lake kama watu wote.

Mnaniuliza mara nyingi kama Mzee Chengula alitenda haki.  Siku nyingine naona alimpa mama yake sauti. Siku nyingine naona alininyang'anya. Yote mawili huja asubuhi moja, na mimi nanywa chai katikati yake.

Ninachoweza kuwaambia ni kilichonitokea baadaye. Tulikwenda Chunya, kwenye uwanja wa vumbi jirani na wachimbaji wa dhahabu. Mchezo ulikuwa mpya, nami nilipewa kuwa mzee mwenye shamba, mwanamume, suruali na kofia. Rehema alikuwa nyuma ya pazia, amevaa gauni, kipaza sauti mkononi.

"Kaka Lusekelo, nikutangaze nani?"

Nikafikiri. Sikuwa na jina lolote la jukwaani. Hakuna aliyewahi kunipa.

"Sema Lusekelo Mwakatobe," nikamwambia.

"Hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Akalitangaza. Uwanja ulikuwa umejaa, na hakuna hata mmoja aliyepiga makofi, maana hapakuwa na mtu aliyelijua. Nilisikia mtoto akiuliza, "Ni nani huyo?"

Nikanyoosha kofia, nikatoka.